Kampuni Haina Mgongo

Sogezeni viti, wanangu, na huo mlango wa chumba uacheni wazi, maana ninayotaka kuyasema si ya kunong'onezwa, na pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kuyasema mara mbili. Nigeuzeni kwanza. Siyo huko, upande wa dirishani, niione barabara. Hapo. Sasa mto. Wifi yangu, nawe kaa chini, usijifanye unakunja nguo. Hiyo shuka umeikunja mara tatu tangu niamke, na masikio yako najua yamesimama kama ya sungura. Leo nakutaka uwe shahidi. Kwa mara ya kwanza umbea wako utakuwa na kazi ya maana.

Saa ngapi? Nane na robo. Haya. Saa tisa atakuja afisa wa upelelezi, mimi ndiye niliyemwita, na kabla hajaingia nataka ninyi wawili muwe mmeshayasikia kutoka kinywani mwangu, si kwa kuyasoma kwenye maelezo yenye mhuri. Usinyanyuke, mwanangu wa kwanza. Umekalia kiti changu cha ukurugenzi miaka minne. Huwezi kushindwa kumkalia mama yako dakika arobaini na tano.

Nianze na la Jumanne. Jumanne asubuhi wewe ulikuwa kiwandani na Kitinda, mdogo wako, alikuwa bado chuoni, akaja tarishi wa mahakama, mtu mzima mpole aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa, akamuulizia binti yangu kwa majina yake yote matatu. Nikadhani ni mambo ya chuo. Nikapokea bahasha, nikavaa miwani. Mshtakiwa wa kwanza, kampuni yetu ya ngozi. Mshtakiwa wa pili, binti yangu, Mkurugenzi wa Usalama na Mazingira. Kosa, kuruhusu majitaka yenye sumu kutoka kiwandani kuingia kijitoni. Siku ya kusomewa shtaka, Jumatatu hii inayokuja.

Kitinda, usinikodolee macho. Ndiyo, wewe. Wewe unayesomea ualimu wa hesabu, usiyejua hata bwawa la kiwanda liko upande gani wa ukuta, ni mkurugenzi tangu mwezi wa pili mwaka jana. Unaikumbuka siku ile uliyokuwa unawahi basi, mkate mdomoni, begi begani, kaka yako akakuwekea karatasi mezani akasema, "Weka sahihi hapa, na hapa, na hapa, ni mambo ya hisa za marehemu baba"? Ukacheka, "Kaka, unaniuza nini?" Naye akajibu, "Nikuuze nani atakununua na mdomo huo?" Tukacheka wote. Nami nilikuwepo, wanangu. Nilikuwa nimekaa palepale na kikombe changu cha chai, miwani inaning'inia kifuani, karatasi iko umbali wa mkono. Sikuisoma. Nilikuwa nimeshazoea kutosoma.

Zima hiyo simu. Kama ni kiwandani, waambie watangoja. Ngozi zilizolala kwenye chumvi hazina haraka, mimi ndiye mwenye haraka.

Sikilizeni jinsi kutosoma kunavyojifunzwa. Baba yenu alipofariki aliniachia madramu mawili ya kuzungushia ngozi, mashimo sita ya chokaa, wafanyakazi kumi na tisa, na kicheko cha wanaume wenzake waliosema kwamba mjane na ngozi mbichi wapi na wapi, atakimbia harufu kabla mwaka haujageuka. Harufu sikuikimbia. Nilijifunza kutofautisha ngozi ya mbuzi na ya kondoo kwa kidole gumba nikiwa nimefumba macho, nikajua kwa kukata ncha tu kama dawa imeingia hadi katikati au imeishia juujuu. Nilichokikimbia ni bwawa. Bwawa la majitaka lilikuwa nyuma ya ukuta, na kanuni zilitaka Mkurugenzi akalikague kila wiki, apime kina, aitazame vali inayozuia maji, atie sahihi kitabuni. Wiki ya kwanza nilikwenda, ya pili nikaenda. Ya tatu nilikuwa na mnunuzi mgeni ofisini, nami nimevaa viatu vya heshima. Nikamwita msimamizi wa bwawa.

Ninyi mnamjua kwa jina la utani tu, Kwaniaba. Jina hilo chanzo chake ni mimi. Alikuja na kitabu kwapani, akasimama juu ya gazeti ili asichafue sakafu, akaniuliza, "Mama, hapa pameandikwa sahihi ya Mkurugenzi. Sasa mimi niandikeje?" Nikamwambia, "Andika k.n.y. Mkurugenzi, halafu weka sahihi yako. Maana yake kwa niaba ya." Akayarudia maneno yale polepole kama mtu anayeonja chumvi. "Kwa niaba ya. Yaani mkono ni wangu, ila mwenye jambo ni Mama." Nikamwambia, "Ndivyo." Akatoka anatabasamu. Wenzake hawakumwacha: Bwana Kwaniaba, leo umeoga au kuna mtu kakuogea, Bwana Kwaniaba, mkeo anakuulizia, au tumpeleke mwingine kwa niaba yako. Naye akalivaa jina lile kama cheo.

Herufi tatu, wanangu, na kila mmoja wetu alizisoma kivyake. Yeye alisoma kwamba kazi ni yake na lawama ni yangu. Mimi nilisoma kwamba kazi ni yake, lawama ni yake, cheo ndicho changu. Na aliyesoma sawasawa ni yule ambaye hakuwahi kukaa darasa la nane.

Biashara ikakua. Madramu yakawa matano, bwawa likabaki lilelile. Lori la kunyonya majitaka lilitakiwa kuja kila mwezi. Nikalisogeza likawa kila baada ya miezi miwili, kisha kila nikikumbuka. Siku moja Kwaniaba akaja, akasimama juu ya gazeti lake. "Mama, bwawa limefika kwenye mdomo." Nikamwambia, "Nataka lishuke kabla ya Jumatatu." Akaniuliza, "Lishuke vipi, Mama?" Nikasema, na neno hili mlishike kuliko yote, nikasema, "Lishuke vipi, sitaki kujua." Yule bwana akauliza kwa adabu kabisa, "Mama hajui, au Mama hataki kujua?" Nikacheka. Nikamwambia, "Vyote viwili."

Alichimba bomba la pili chini ya ukuta. Siku za mvua alilifungua, ili maji yale ya rangi ya shaba iliyoota kutu yapotelee kwenye tope la kijito, na kitabuni akaandika, "Vali imefungwa. K.n.y. Mkurugenzi." Nilijua? Wanangu, kila mvua ikinyesha nilisikia chuma kikilia juu ya chuma nyuma ya ukuta, nikainuka kitini, nikafunga dirisha. Mtu asiyejua hafungi dirisha. Asiyejua huuliza. Anayesema sitaki kujua ameshajua, anachotafuta ni pa kujibanza.

Nipeni maji. Kidogo, kwa kijiko. Ni saa ngapi? Hilo gari lililopita si la afisa? Haya.

Serikali ikatushtaki. Miaka kumi na minane iliyopita. Wewe mwanangu ulikuwa na miaka kumi na mitatu, ulikaa benchi la nyuma yangu na sare ya shule, nawe Kitinda ulikuwa mgongoni kwa shangazi yako huyu. Aliletwa mwanamke dobi aliyekuwa akifulia watu nguo huko chini kijitoni, akaombwa ainue mikono. Akainua. Kucha zilikuwa zimegeuka kama maganda, na kwenye viungo vya vidole kuna vidonda vya mviringo, kana kwamba mtu alimtoboa kwa msumari. Hakulia. Alisema tu, "Nilidhani ni sabuni." Nilitazama mkoba wangu.

Mwendesha mashtaka alikuwa mwanamke, mdogo kwa umri, sauti yake haikupanda hata mara moja. Aliisoma sheria kwa lugha ambayo hata mimi ningeielewa kama ningetaka: kwamba kampuni ikitenda kosa, na kosa hilo likawa limetendeka kwa ridhaa ya mkurugenzi, au kwa kufumba macho kwake, au kwa uzembe wake, basi na mkurugenzi ametenda. Akanigeukia. "Mama, ulijua?" Wakili wetu alikuwa amenifundisha neno moja tu, nikalitoa. "Sikujua." Yule binti akasema, "Sheria haikuulizi tu kama ulijua. Inakuuliza, ulifanya nini ili ujue?" Nilikuwa na kitabu, kitabu kilikuwa na mkono wa mtu mwingine, na hakuna aliyekuwa na shahidi wa kusema nilisikia nini dirishani. Hilo likanitosha.

Kwaniaba akasimama kizimbani, akasema jambo moja tu tangu asubuhi hadi jioni: "Niliandika kwa niaba." Hakimu akamuuliza, "Una barua ya kukupa mamlaka hayo?" Hakuwa nayo. Nani humwandikia msimamizi wa bwawa barua? Akanitafuta kwa macho, si kwa hasira, wanangu, laiti ingekuwa hasira. Alinitafuta kama mtu anayemtafuta mwenzake aliyeshika ufunguo. Nikafungua mkoba, nikajifanya natafuta leso. Kampuni ikatozwa faini. Mimi nikaachiwa. Yeye akapewa miezi kumi na minane.

Hapo ndipo nilipoijua siri ya kampuni, na leo naitoa nje. Tunaambiwa kampuni ni mtu. Inanunua, inauza, inashtaki, inashtakiwa, ina jina na mhuri wake. Ni kweli, ila ni mtu asiye na mgongo wa kulala sakafuni, hana tumbo la kunywa uji wa jela, hana mke wa kumngoja getini siku ya kutembelewa. Kosa likishatendeka lazima mwili utafutwe, na sisi wenye viti tumekuwa hodari wa kuutafuta mwili wa mwenzetu. Tunaanzia chini. Tunashika wa kwanza tunayemkuta, na wa kwanza daima ni yule anayenuka bwawa. Faida ikija inapanda ngazi hadi ghorofani bila kupotea njia. Hatia ikija, ghafla ngazi zimevunjika, haiwezi kupanda. Nani alizivunja? Sisi. Kwa herufi tatu.

Mwanangu, usiangalie sakafu. Sikulaumu kwa ulichokifanya kana kwamba ulikizua mwenyewe. Ulikuwa nyuma yangu siku ile, na mtoto hujifunza kwa macho kuliko kwa masikio. Uliona mama yako anafungua mkoba, na anarudi nyumbani. Ukahesabu mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nilikichimba na kumwingiza mwingine, basi wewe ungekosaje kuona kwamba inawezekana?

Kwaniaba alipotoka alifungua kibanda cha kushona viatu, pale kona ya soko la nguo. Nilimtuma mhasibu na bahasha. Akairudisha bila kuifungua, na maneno haya: "Mwambieni Mama asitume mtu kwa niaba yake." Miaka kumi na sita, wanangu, nilipita kona ile kwenye gari nimepandisha kioo. Mimi niliyekuwa siogopi mnunuzi wala benki niliogopa mtu ameshika sindano.

Jana nilikwenda. Wifi alinishika mkono, na alinung'unika njia nzima kwamba namuua kabla sijafa mwenyewe. Kwaniaba alinyanyuka, akafuta kigoda kwa aproni yake, akanikalisha. Nikamwambia nilichokwenda kumwambia. Hakusema nimekusamehe, na sikuwa na uso wa kuomba neno hilo. Alisema, "Umechelewa, Mama, ila umekuja na miguu yako." Kisha akanivisha kiatu kilichokuwa kimenivuka njiani, akaongeza bila kuninyanyulia uso, "Lile bomba halikuzibwa. Walilifunika tu. Mvua ya juzi, kijito kilikuwa na rangi ileile. Waulize wanao." Siulizi wanangu. Nauliza mmoja.

Hapana, usijibu. Nakujua, utaanza na "Mama, soko lilivyo," na kila ulilotaka kuniambia niliwahi kulisema mimi, vizuri zaidi yako. Wewe ulifungua bomba. Ukajua watu wa mazingira wamechukua maji kwenye chupa. Ukajua safari hii sheria haitakubali msimamizi wa bwawa, itataka mkurugenzi. Basi ukatengeneza mkurugenzi. Ukachukua damu yako, mtoto uliyekuwa ukimbeba mabegani kuvuka barabara, ukamwandika cheo kwenye karatasi ili sheria ikija imkute yeye mlangoni. Mimi nilimtoa kafara mtu baki nikaona aibu miaka kumi na minane. Wewe utaona nini?

Kitinda, acha kulia. Au lia, lakini usinishike mguu, unauma.

Basi hiki ndicho nitakachosema saa tisa. Nitasema bomba la pili lilichimbwa kwa neno langu, nilisikia vali na nikafunga dirisha, na kwamba yule bwana alitumikia miezi yangu; jina lake lisafishwe, hata kama mimi sitakuwepo kulishuhudia. Nitasema nilikuwepo mezani Kitinda alipotia sahihi, na sitaficha alichoambiwa, neno kwa neno. Unaona basi, mwanangu, neno hilo linaishia wapi. Yaliyo yako ya bombani sitayasema. Sikuyaona, na siwezi kukusemea wala kukusemelea. Yana mwenyewe. Una nafasi ya kuyasema kabla yangu, na mtu anayesema kabla hajatajwa hutazamwa kwa jicho lingine, ingawa sikuahidi kwamba litakuwa la huruma.

Mali. Andika, wifi, na usiongeze chumvi. Nyumba hii ni ya wote wawili, asiyependa kuishi na mwenzake aishi chumba cha mwisho. Hisa zangu zigawanywe sawasawa. Ndiyo, hata wewe mwanangu utapata, sikukatii urithi, nakukatia kivuli cha kujifichia tu. Kiwanja cha nyuma ambacho mimi na wifi tumenuniana kwacho miaka kumi na mitano ni cha wifi. Haki ilikuwa yake, nami nilijua. Ila alinitukana mbele ya wageni, nikaona bora kibaki na magugu. Usilie na wewe, utalowanisha karatasi.

Kiwanda. Kabla ngozi moja haijaloweshwa tena, lile bomba lizibwe kwa zege pande zote mbili, na watu wa mazingira wawepo waangalie. Mtafuteni yule dobi; kama hayupo, watafuteni wanawe. Nendeni wenyewe, msipeleke bahasha. Na yeyote atakayetaka kuitwa Mkurugenzi, iwe binti, iwe mwana, iwe mgeni mliyemwajiri, kila Jumatatu ashuke bwawani kwa miguu yake, aingize kijiti cha kupimia mwenyewe, anuke anavyonuka, aandike jina lake zima. Asiyeweza harufu hiyo asitake kiti. Kazi unaweza kumgawia mwenzako, ndivyo kazi zilivyo. Kujua huwezi kumgawia...

Mto. Umeteleza. Sioni barabara tena, ama ni macho... Wifi, hilo gari limesimama? Chungulia. Ndiye. Mwacheni abishe.

Njoni hapa. Karibu zaidi, wote wawili, niwaguse. Kichwa chako, Kitinda... Mungu akuongoze, akupe kalamu nzito, usitie sahihi usichokisoma, hata nikirudi mimi kukuomba. Na wewe kifungua mimba wangu, inama, mbona umekuwa mrefu hivyo... Radhi zangu unazo. Nimekupa sasa, kabla hujaamua lolote, ili usije ukafikiri nilizifanya bei. Mama hauzi radhi. Ukinena unazo, ukinyamaza unazo. Ila utazibeba, na radhi nazo ni mzigo.

Nyumba hii ina milango miwili. Wa jikoni unatokea ulipoegesha gari, na hakuna hapa wa kukushika shati. Wa mbele una mtu anayebisha. Sikuambii upite upi. Nikikuamuru... kesho utasema aliyeamuru ni Mama, nami kesho sipo wa kuulizwa.

Kitinda, keti. Siyo wewe. Keti, nimesema.

Ananyanyuka... Wifi, usinisimulie, nasikia mwenyewe. Ukumbini. Anasita. Mwacheni asite... mimi nilisita miaka kumi na minane. Anatembea...

Hilo ni komeo la mbele.

Karibu, afisa. Ingia... samahani siwezi kuinuka. Huyo aliyekufungulia ni mwanangu. Mpe kiti, wifi. Ana neno lake, afisa, mwandike yeye kwanza... jina lake lote. Mimi nitangoja. Bado... kidogo... naweza kungoja.